Siku Bi Akiba Alipotoa Farasi Wote Wawili

Jina la Bi Akiba alibandikwa na wateja, na lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote alilowahi kujishonea. Kila nguo iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na vidole viwili vya kitambaa vilivyofichwa ndani ya mshono, ili mwenye nguo akinenepa, au akiamua tu kuvuta pumzi, ifumuliwe kidogo na maisha yaendelee. Mafundi wenzake walisema anashona mahema. Aliwaacha waseme. Miaka ishirini na minane katika chumba kile chenye dirisha moja refu, hakuna nguo iliyomrudia kwa kubana.

Nje ya cherehani alikuwa na jambo moja tu la kudumu. Kila Jumapili saa nane mchana alifunga mlango, akavuka barabara mbili, akaenda kwa kaka yake kucheza sataranji. Kaka alikuwa fundi redio, mtaa mzima ukimwita Fundi Waya, naye alimzidi kwa miaka sita. Ubao ulikuwa wa marehemu baba yao. Baba ndiye aliyewafundisha wote wawili, na ndiye aliyekata shauri kwamba mdogo aanze, kwa hiyo kete nyeupe ni zake. Akafariki bila kutengua hukumu hiyo. Sasa mdogo alikuwa na miaka hamsini na minne na bado ndiye aliyeanza.

Kuanza huko kulimfaa nini? Tuseme ukweli, hakukumfaa kitu. Bi Akiba alicheza kama alivyoshona. Hakuna askari wake aliyesogea bila mwenzake wa kumlinda, na mfalme alifunikwa mpaka ungedhani ana homa. Kaka alingoja tu. Alikunywa chai yake, akapapasa vichwa vya kete kwa ncha za vidole, tabia ya mtu aliyeshika vitu vidogo maisha yake yote, na mwishowe akaona tundu akapenya. Siku njema walitoka sare. Kumshinda, Bi Akiba hakuwahi kumshinda hata mara moja.

Kete moja ilikosekana. Askofu mweusi, yule anayesimama kando ya mfalme, alipotea siku walipohama nyumba ya wazazi, na Bi Akiba akaweka mahali pake rili tupu ya uzi, ya mbao, yenye kiuno chembamba. Kaka aliipa cheo. Aliiita Mheshimiwa Uzi, na kila alipoisogeza aliiomba radhi kwa kuisumbua. Mzaha huo ulikuwa na miaka kumi na tisa na bado walicheka.

Mwaka ule macho ya kaka yakaanza kumtoroka. Aliunganisha waya mwekundu mahali pa waya wa kijani, na redio ya mteja ikatoa moshi mbele ya mwenyewe. Yeye, aliyekuwa akijua ugonjwa wa redio kwa kuisikiliza tu ikikoroma. Akafunga kibanda bila makelele, akagawa vifaa vyake. Daktari alimwambia kwamba kufikia mwisho wa mwaka atabaki kutofautisha mwanga na giza, basi. Habari hiyo alimpa dada yake ubao ukiwa kati yao, kwa sauti ileile ya kusema chai imepoa.

Bi Akiba alimshika askari mmoja, akamwachia.

"Kuna kitu nataka kukiona kabla macho hayajazima," kaka akasema. "Mfalme wangu akikimbia. Miaka yote unaanza wewe, na sijawahi kukuona ukinijia. Nijie, mdogo wangu. Mara moja tu, nikuone."

Akaongeza kwamba hatamwachia, asijidanganye. Ushindi wa kuachiwa, alisema, ni sawa na redio iliyowashwa bila stesheni. Bi Akiba akarudi nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya barabara, mpaka mwenye baiskeli akamwomba achague upande.

Aliyemfungulia njia ni mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, mtu mwembamba mwenye wanafunzi wake wa sataranji na suruali zilizokwisha magotini. Bi Akiba alikuwa amepiga magoti akimpima mguu, pini mdomoni, akamuuliza kama anayeuliza habari za vifungo: mtu mwoga anajifunzaje kushambulia akiwa na nyeupe? Mwalimu akasahau suruali. Alisema wengi hukwama kwa kutaka kujua kila kitu. Mweusi ana majibu chungu nzima, lakini mpinzani mmoja ana machache tu aliyoyazoea. Orodhesha hayo. Kisha kwa kila jibu chagua silaha moja, moja tu, na silaha zote ziwe za ukoo mmoja, ili ukisahau hatua usisahau nia. Nia yenyewe ni kufungua katikati mapema, kuwatoa farasi na maaskofu nje, kumficha mfalme pembeni na kuipatia ngome njia iliyo wazi. Na njia ikikataa kufunguka, toa askari.

"Kumtoa bure?" Bi Akiba akauliza, na pini zikamtoka mdomoni.

"Si bure. Yeye anachukua askari wako, wewe unachukua muda wake. Akimaliza kula, umeshafika mlangoni."

Basi akafungua daftari lake la vipimo kwa nyuma. Kurasa zilikuwa zimechorwa safu tatu tangu zamani: Kifua, Kiuno, Nyonga. Hakuona sababu ya kuzifuta. Kwenye Kifua akaandika jibu la kaka, kwenye Kiuno jibu lake yeye, na kwenye Nyonga sababu. Kwa hatua yake ya kwanza, askari wa mfalme miraba miwili, kaka alikuwa na majibu manne. Akijibu kwa askari wa mfalme, yeye anampa papo hapo askari wa jirani yake, yule anayemlinda mfalme ubavuni, jambo ambalo lilimtetemesha hata kuliandika. Akijibu kwa askari wa pembeni, upande wa malkia, anamtolea askari huko huko ili barabara mbili zifunguke. Akijikunja nyuma ya ukuta, anamsukumia askari mbele mpaka akose pa kupumulia. Jibu la nne kaka alilitumia akiwa na mafua tu, lakini nalo akaliandika.

Kazi za msimu zilikuwa sare za shule, kitambaa cha mirabamiraba ya bluu na nyeupe. Mchana wateja walipopungua, alikitandaza juu ya meza ya kukatia na kupanga vifungo: vya koti wafalme na malkia, vya shati askari, vya suruali vikagawana vyeo vilivyobaki. Pasi ilitoa mvuke pembeni. Jua liliingia kwa dirisha refu likatambaa juu ya kitambaa, mraba baada ya mraba, na yeye akakaa kidevu mkononi mpaka miraba ikaanza kupanuka. Ilikuwa viwanja vya mji mweupe usio na mtu. Alitembea humo pekupeku. Farasi wake walipita juu ya mapaa bila kishindo, maaskofu walikata vichochoro kwa mshazari, na milango yote ya nyumba yake ilikuwa wazi nyuma yake, hakuna aliyebaki kulinda. Aliogopa, na hofu hiyo ilikuwa tamu. Mteja alipobisha hodi alishtuka akakuta chai imeota ngozi na jua limefika ukutani.

Ujasiri ukamwingia hata pale usipotakiwa. Alimkatia muuguzi mmoja gauni la kazini kwa kufuata mstari wa chaki barabara, bila kuacha hata nusu kidole. Wiki mbili baadaye muuguzi akarudi; alikuwa ameinua mkono kufunga dripu, na kwapa likafumuka mbele ya wodi nzima. Akaligeuza gauni nje ndani, akatafuta, akatafuta tena. "Hamna akiba?" akauliza, kwa masikitiko ya mtu aliyepotewa na benki. Bi Akiba alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamshonea jingine, lenye vidole vitatu.

Ila Jumapili, mbele ya kaka, mikono ilimsaliti. Alivuka barabara mbili akiwa simba, akakaa kwenye kiti akawa yuleyule. Askari wa kutolewa alimshika, akamrudisha, akasogeza mwingine wa usalama. Wiki zikapita hivyo, na miezi ikafuatana nazo. Kaka hakumlaumu. Alikuja tu na utaratibu mpya, kwamba kila mmoja ataje hatua yake kwa sauti, eti ili dada aweze kuziandika vizuri kwenye daftari, ambalo siku hizo alikuja nalo. Wifi yake, mke wa kaka, aliyekuwa akikunja nguo kwenye kochi, aliposikia hivyo alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Bi Akiba aliona akadhani ni uchovu.

Mwisho wa mwaka ulipokaribia, alikwenda kwa seremala na askofu mweusi mzima, akamwomba amchongee mwenzake. Alitaka siku ya siku, kama itakuja, kaka awe na jeshi kamili. Seremala akafanya kazi safi. Ukiwaweka pamoja huwatofautishi. Jumapili hiyo Bi Akiba alipanga ubao mwenyewe. Akaitia rili kwenye mfuko wa sketi, akamsimamisha askofu mpya mahali pake, akangoja kaka apige kelele ya furaha.

Kaka alikaa, akauliza kama chai iko tayari. Bi Akiba akaumia kidogo, na maumivu hayo, nadhani, ndiyo yaliyomsukuma.

"Askari wa mfalme, miraba miwili," akasema.

"Na wangu vilevile."

Vidole vyake vilikuwa juu ya kichwa cha askari wa jirani. Aliona meza yake, jua juu ya kitambaa, milango yote wazi.

"Askari wa ubavuni, miraba miwili," akasema. "Mchukue."

Kaka akainua uso. Akamchukua. Farasi wa Bi Akiba akaruka, askofu akatoka, na askari wa kaka wakamteremkia farasi kumfukuza. Safu ya Kiuno ilisema asimwondoe. Hakumwondoa. Akamficha mfalme pembeni, akamwacha farasi aliwe pale alipo. Kisha malkia akaingia uwanjani, kisha askari wa pili akatolewa, na kisha akampeleka askofu akaanguke mlangoni kabisa mwa mfalme mweusi. "Cheki," akasema, kwa sauti ndogo. Kaka hakuwa na njia ila kumla, na kwa kumla mfalme wake akatoka nje. Askari wa tatu naye akaenda. Katika hatua kumi na moja Bi Akiba alikuwa ametoa alichokuwa akikilinda kwa miaka thelathini, na ngome yake ilikuwa na njia ndefu iliyo wazi. Alijihisi mwepesi, kama anaota, na hakutaka kuamshwa.

Kaka alifikiri muda mrefu.

"Mheshimiwa Uzi," akasema, "samahani kwa usumbufu. Hatua moja kwa mshazari, akae karibu na mfalme."

Bi Akiba akatabasamu. Alidhani hatimaye anamtania kuhusu askofu mpya. Mkono wa kaka ukaenda kwenye mstari wake wa nyuma. Malkia na mfalme walikwisha kuhama hapo, na waliobaki walikuwa ngome, farasi, askofu, nafasi mbili tupu, askofu, farasi, ngome. Ukiuanzia kulia au kushoto, ni mstari uleule. Vidole vikapita vyote mpaka mwisho. Vikarudi. Vikapita tena, polepole zaidi, vikimgusa askofu mpya kichwani na kumwacha. Kisha vikatoka nje ya ubao, vikashuka juu ya kitambaa cha meza, vikaanza kupapasa kati ya kikombe na kete zilizokufa, kama rili imeanguka huko. Askofu alikuwa amesimama chini ya kiwiko chake.

Bi Akiba aliangalia mkono huo mpaka akaelewa, na alipoelewa akatamani asingeelewa.

"Kaka," akasema, "rili sikuiweka leo. Nimekuchongeshea askofu. Amesimama palepale."

Vidole vikatulia. Kwenye kochi wifi akaweka nguo chini.

"Ala," kaka akasema. "Mzuri?"

"Mzuri. Tangu lini, kaka?"

"Hii wiki ya nne."

Bi Akiba akahesabu. Katika muda huo walikuwa wamecheza Jumapili tatu kabla ya hii.

"Umenifunga mara mbili huoni?"

"Na sare moja," kaka akasema, kwa kuwa hakupenda kupunjwa.

Akamweleza, bila haraka, kwamba ubao anao kichwani mzima, mradi tu vidole vipate alama ya kuanzia, na malkia na mfalme wakishahama, alama yake ilikuwa rili. Wifi alijua, lakini kaka alimkataza kusema. Bi Akiba akamuuliza kwa nini. Sauti yake ilikuwa na hasira, na hakuificha.

"Kwa sababu ungenishonea akiba," kaka akasema. "Ungeanza kucheza kwa kunishika mkono, na mimi nilitaka unijie."

Hapo Bi Akiba akalia. Alilia wazi, mikono mapajani, bila kutafuta leso. Kilichomuuma si kudanganywa. Alikuwa ameombwa kitu kimoja, akapewa muda wa kukifanya, akaumaliza wote kwa woga wa askari mmoja wa mbao. Macho yalimngoja miezi mingi, yakachoka, yakaondoka. "Nimechelewa, kaka," akasema. "Nimechelewa."

Kaka alikuwa ameshampata askofu. Akampeleka pale alipokusudia, akamzungusha kidogo ili akae sawa.

"Ni zamu yako," akasema. "Na usithubutu kunihurumia. Bado nimekuzidi kete."

Ni kweli, alimzidi. Bi Akiba akafuta uso kwa kiganja, akautazama ubao. Kulikuwa na hatua moja ya usalama, ya kurudi nyuma, ambayo ingeupoza mchezo wote na kuwapeleka taratibu kwenye sare, na kila mtu angekwenda zake na heshima yake. Mikono yake iliijua hatua hiyo kabla ya macho. Akaiacha. Akamtoa farasi wa pili, yule wa mwisho, akamweka karibu na malkia. Kaka akajibu kwa kumtoa farasi wake. Basi farasi wa Bi Akiba akaruka katikati kabisa, mahali anapolika.

"Farasi, katikati," akasema. "Nakupa na huyu."

"Huyu naye?" Kaka akacheka kwa pua. Akafikiri, akatafuta kasoro, hakuiona, akamla. Malkia mweupe akaruka mahali pa farasi. Cheki. Mfalme akasogea. Askofu wa Bi Akiba akaondoka njiani, na nyuma yake ile ngome iliyokuwa ikitazama muda wote ikamkuta malkia mweusi hana pa kwenda. Kutoka hapo hakukuwa tena na daftari. Mfalme mweusi alikimbia kushoto, akarudi kulia, akapanda mbele kwa sababu nyuma palizibwa, na kila mara Bi Akiba alitaja hatua yake kwa sauti isiyotetemeka, na kaka akarudia maneno yake chini kwa chini, akimfuata mfalme wake gizani. Kisha Bi Akiba akataja hatua ya mwisho, na kaka hakurudia kitu.

Wifi alisimama akaja kutazama.

Ndipo Bi Akiba akanyanyuka, akazunguka meza, akamshika kaka yake mkono wa kulia. Aliupeleka kwanza kando ya ubao, penye kete nyeupe zilizokufa, akauacha uhesabu.

"Askari," kaka akasema. "Askari. Askari. Askofu. Farasi." Vidole vikasita. "Farasi. Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Wewe?"

"Mimi."

Kisha akaupandisha ubaoni, mpaka kwa mfalme mweusi, aliyesimama peke yake mbali na kwao. Akamwachia mkono. Kaka akamzunguka mfalme wake mraba kwa mraba, pande zote nane, akitafuta tundu kama alivyokuwa akilitafuta maisha yake yote. Alimgusa malkia. Akaigusa ngome. Akarudia mzunguko, safari hii bila haraka, uso wake ukiwa umeinuka kuelekea dirishani, na ukafunguka wote.

"Anakimbia kweli," akasema. "Nimemwona."

Akamlaza mfalme chini mwenyewe. Baadaye akaomba chai nyingine, akaomba wapange tena, na akaomba Mheshimiwa Uzi arudishwe kazini. Bi Akiba akaitoa rili mfukoni, ikiwa na joto la mwili wake, akamwekea kiganjani.